Ratiba yangu sasa inanifikia saa 11 alfajiri

Niliuliza namna ya kupata ratiba ya siku kutoka kwenye kalenda ya Google, nikapewa ushauri mbovu kiasi kwamba nimeona niandike mwenyewe nilivyofanya. Ninatunza hesabu za maduka kadhaa hapa Dar es Salaam, na kazi yangu inaendeshwa na tarehe za TRA, mamlaka ya mapato: PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) tarehe 7, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) tarehe 20, na awamu za kodi ya mapato kila robo mwaka. Tarehe zenyewe ninazijua kichwani. Nilichotaka ni barua pepe moja kila alfajiri, initajie leo ni zamu ya duka gani. Kengele za simu zikilia kutwa, mtu huzizima bila hata kusoma.

Jamaa mmoja alisisitiza nichague SMS, kana kwamba hajui kwamba Google waliziondoa SMS za kalenda mwaka 2015. Mwingine alitaka nilipie programu, shilingi elfu kadhaa kwa mwezi. Usilipe. Huduma hiyo ipo bure ndani ya Google Calendar, ila kwenye programu ya simu huioni. Ingia kwa kivinjari cha kompyuta, fungua mipangilio, bonyeza jina la kalenda yako upande wa kushoto, kisha shuka mpaka kwenye arifa nyingine. Mstari wa mwisho ni ratiba ya kila siku; uweke kwenye barua pepe. Kama una kalenda tatu, rudia mara tatu, kwa sababu kila kalenda ina mpangilio wake.

Sasa kilichonichosha. Akaunti ya ofisi alifungua kijana aliyetuuzia kompyuta, na barua zikawa zinaingia saa 9 alasiri, wakati kaunta za benki zinakaribia kufungwa. Nikauliza. Nikajibiwa kwamba ni mtandao wetu, barua zinachelewa njiani. Sikukubali hata kidogo. Mtandao mbovu ungechelewesha leo dakika kumi, kesho saa mbili; hizi zilikuwa zinaingia saa ileile kila siku. Google hutuma ratiba hiyo saa 11 alfajiri kwa saa za eneo lililowekwa kwenye akaunti, na huwezi kuibadilisha. Nikajiuliza: ni wapi alfajiri inapoingia huku kwetu ni alasiri? Nikahesabu saa kumi kurudi nyuma, nikaangukia pwani ya magharibi ya Marekani. Kufungua mipangilio, kweli, saa za eneo zilikuwa za Los Angeles! Hakuna aliyeshtuka kwa kuwa tarehe za kodi tunaziingiza kama shughuli za siku nzima, hazina saa. Nikachagua saa za Afrika Mashariki, GMT+3, ambazo kwenye orodha zimeandikwa Nairobi. Kesho yake barua ilikuwepo kabla sijaamka. Nilifurahi mno, na yule aliyesingizia mtandao nilimpigia simu asubuhi hiyohiyo.

Jambo ambalo sikuambiwa na yeyote ni kwamba barua ile huorodhesha shughuli za siku hiyo tu. Ukiandika VAT tarehe 20, utakumbushwa tarehe 20, na mwenye duka bado hajakuletea risiti. Kwa hiyo mimi huandika kazi, siyo mwisho wa kazi: tarehe 12 kudai risiti, tarehe 16 kuandaa ritani (taarifa ya kodi), tarehe 18 kulipa. Kila moja naiweka ijirudie kila mwezi, na jina la duka huanza mbele ili nilione bila kufungua barua. Nilitengeneza pia kichujio kwenye Gmail ili chochote kutoka calendar-notification@google.com kisiende kwenye barua taka.

Wenye maduka wawili wameomba nao wapate. Nimewashirikisha kalenda za maduka yao, waone bila kubadilisha kitu. Lakini barua ya alfajiri kila mmoja huiwasha kwenye akaunti yake. Siwezi kumwashia mtu kutoka kwangu, kwa hiyo Jumamosi ninapitia madukani kwao na kompyuta.