Patani moja, watu watano: siku yangu na cherehani, Kirumba, Mwanza

Saa 11:15 alfajiri

Sipendi kuamka alfajiri. Naamka kwa sababu saa hizi umeme hauchezi, na cherehani yangu ya zigizaga, ile ya mshono wa kwenda kushoto na kulia, bila umeme ni pambo tu. Ile ya kukanyaga, niliyorithi kwa bibi, ipo dirishani. Inapiga mshono mnyoofu peke yake, na mshono mnyoofu kwenye kitambaa cha kuvutika ni kujitafutia lawama: mtoto akipitisha kichwa shingoni mara moja, uzi umekwenda.

Kazi ya leo ni topu tano za jirani, zote kwa patani moja, yaani ramani ya karatasi ya kukatia nguo: yeye, mdogo wake, na mabinti watatu. Jumapili wana ubatizo na wanataka wafanane. Watu wakisikia sare ya familia wanawaza kitenge. Huyu mama kakikataa kitenge, anasema amechoka kukaa kanisani akipumua kwa awamu. Kachagua jezi, kitambaa cha kuvutika kama cha tisheti, ya pamba yenye laikra kidogo, rangi ya maziwa, shingo ya mviringo, mikono ya kufika kwenye kiwiko.

Topu mbili za wakubwa nilishazikata, kwa hiyo naanza na mabega. Nimeweka sindano ya ncha ya mviringo, namba 75. Ile ya kawaida ya kushonea kitenge ina ncha kali, inatoboa nyuzi za jezi badala ya kupenya katikati yake, na ukifua mara kadhaa unaona vitundu vimejipanga kando ya mshono. Zigizaga nimeibana hadi upana wa nusu milimita, urefu mbili na nusu. Kwa mbali unadhani ni mshono mnyoofu, ila ukiuvuta unakwenda na kitambaa.

Mabega yenyewe siyataki yavutike. Uzito wote wa topu unaning'inia hapo, na bega likilegea mikono inashuka mpaka watu wanauliza umeazima nguo ya nani. Nakata kiukanda chembamba kwenye ukingo wa kitambaa, pale ambapo hakivutiki, nakishona pamoja na bega. Dukani kuna utepe maalumu wa kazi hii. Ukingo ni bure.

Saa 12:30 asubuhi

Uji, viatu, daftari lililopotea, daftari lililopatikana. Watoto wameondoka.

Saa 2:00

Niko steshenari na simu mkononi. Patani nimeinunua mtandaoni kwa kadi ya pesa za simu. Ni ya Jalie, kampuni ya Kanada, na nawapendea jambo moja: patani moja ina saizi za mtoto wa miaka 2 hadi za mama mwenye mwili wake. Ukiwa na familia ya kuvalisha huhitaji kununua tatu. Faili linakuruhusu kuzima saizi usizozitaka, kwa hiyo leo naprinti za mabinti tu, wino usiishie kwenye mistari isiyonihusu.

Kijana wa mashine ana haraka. Mashine za namna hii zimezoea barua na vyeti, zinabana ukurasa ili uenee kwenye karatasi ya A4, na patani ikibanwa hivyo imekwisha. Ndiyo maana ukurasa mmojawapo una kiboksi cha kupimia. Nikamwambia aprinti huo peke yake kwanza, kwa asilimia 100. Nikatoa futi yangu pale pale kaunta. Kiboksi cha sentimita 10 kilikuwa na 9.7.

"Mama, si milimita tatu tu?"

Milimita tatu kwa kila sentimita 10, mdogo wangu. Kwenye kifua cha sentimita 90 ni karibu sentimita tatu, yaani saizi nzima imepotea kabla sijashika mkasi. Akarekebisha, ukatoka sawa, nikamlipia na ule uliokosewa maana kijana wa watu naye anahesabiwa karatasi.

Ukichoka kuunganisha karatasi kwa gundi, nenda mjini kwa wanaoprinti ramani za majengo. Wana mashine ya A0, karatasi ya upana wa sentimita 84, na patani nzima inatoka kwenye kipande kimoja. Wanakutazama kwa mshangao mara ya kwanza. Wakishakuzoea wanakuuliza nyumba ya leo ina mikono mingapi.

Saa 3:30

Daladala mpaka Mlango Mmoja, sokoni kwa mitumba. Mzigo mpya ukifunguliwa, wenzangu wanakimbilia magauni na majaketi, mimi nakwenda kwenye tisheti za kiume za XL ambazo hazigombewi. Elfu mbili, ukibembeleza elfu moja na nusu, na umepata kitambaa kizito cha pamba ambacho kimeshafuliwa mara nyingi na kumaliza kusinyaa. Kwa mtoto wa miaka minne tisheti moja inatosha topu nzima, hata ikiwa na maandishi kifuani, kwa sababu mgongo kwa kawaida ni mtupu. Mbele ya topu naikata mgongoni.

Na pindo usilikate! Weka sehemu ya chini ya patani juu ya pindo la tisheti lenyewe. Limeshashonwa kiwandani kwa mashine ambayo mimi na wewe hatuna, na kupinda jezi ndiyo kazi inayowashinda wengi.

Ninachokikagua ni mshono wa ubavuni. Tisheti ikining'inia na mshono umezunguka kuja mbele ya tumbo, naiacha pale pale. Kitambaa kilisokotwa tangu kiwandani, na topu utakayoshona nayo itazunguka vile vile.

Huwa najiuliza, maana tupo Kanda ya Ziwa, pamba nyingi ya nchi inalimwa huku huku, lakini nikitaka jezi ya kukata kwa mita napewa iliyovuka bahari. Sehemu kubwa ya pamba yetu inatoka nchini ikiwa bado haijasokotwa kuwa uzi. Hilo ni la wakubwa. Nikachukua tisheti nne, zangu na za wanangu, nikapanda daladala.

Saa 5:00

Umeme umekatika, kama nilivyotarajia. Ni saa ya karatasi.

Shangazi yangu yupo, kaja na michembe na maneno. Ni fundi wa miaka mingi huko Mabatini, anakata gauni la kitenge kwa futi, chaki na jicho, na linakaa. Nimemwamkia, kaitikia, kisha kanitazama nimeinama sakafuni na karatasi zangu akasema, "Mwanangu, karatasi haivai nguo."

Kwa kitenge namvulia kofia. Kitenge hakivutiki, kwa hiyo unapima mwili, unaongeza nafasi ya kupumua, unakata. Jezi inakwenda kinyume. Kifua cha mteja wangu ni sentimita 98 na topu yake ikishonwa itakuwa na 94. Shangazi alipozipima zile nilizozikata aliguna, akahesabu tena, akaniuliza kama huyo mama ninamdai. Hizo nne zilizopungua ndizo zinazoifanya ikae mwilini. Ukiikata jezi kwa hesabu ya kitenge unapata gunia lenye mikono, na magunia hayo nimeyaona mengi mjini, yameshonwa na mafundi wazuri tu.

Ila upungue kiasi gani, hapo jicho halikusaidii. Ni mpaka uvute. Nakunja kitambaa, naweka alama za sentimita 10 upande wa upana, navuta juu ya futi mpaka kigome. Hiki kimefika 15, yaani asilimia 50, na patani yangu haidai hata hizo. Halafu naachia, na sehemu hii ndiyo wengi wanairuka. Kimerudi 10. Kipo kitambaa kinachofika 15 kikarudi 11 na nusu, na topu yake ikivaliwa asubuhi, kufika mchana viwiko vimeshachora magoti.

Shangazi alivuta mwenyewe, mara mbili. Hakusema kitu, lakini alirudia kwa kitambaa kingine.

Nisimseme vibaya, maana kuna jambo analijua kuliko karatasi. Patani hizi zimechorwa kwa mwili wa wastani wa huko kwao. Mteja wangu kifuani ni saizi moja, nyonga zake sentimita 116 zinaangukia saizi za mbali huko chini ya jedwali. Ukifuata kifua, topu inapanda kiunoni kila akiinuka. Ukifuata nyonga, mabega yanaanguka. Kwa hiyo nilichora saizi ya kifua kuanzia begani hadi chini ya kwapa, kisha nikauinamisha mstari taratibu mpaka ukakutana na saizi ya nyonga. Binti wa kati naye ana miaka minane, mrefu na mwembamba: upana nimempa wa miaka sita, urefu wa miaka tisa. Mistari ipo yote kwenye karatasi moja, unahama tu kutoka mmoja kwenda mwingine.

Kingine cha kuangalia kabla ya mkasi ni nafasi ya mshono, yaani kitambaa cha ziada nje ya mstari wa kushona. Jalie wameshaiweka, milimita 6. Simplicity na McCall's wa Marekani wanaweka 15. Jarida la Burda la Ujerumani haliweki chochote, mstari unaouona ndio utakaoushona, nyongeza ongeza mwenyewe. Chukua patani ya 15 uishone kwa 6, na umebakiza milimita 9 kila ukingo. Kingo za ubavuni ni nne. Topu imezidi sentimita tatu na nusu, na wewe unalaumu saizi.

Nimekata za mabinti wote kabla ya saa saba. Kitambaa nilishakiloweka jana na kukianika kivulini kikiwa kimelazwa, maana jezi mbichi ukiitundika inavutwa na maji yake yenyewe. Hapa Kirumba pia unaangalia upepo. Ukitokea mwaloni, kwenye soko la samaki, kitambaa cha ubatizo kitaingia kanisani kikinukia dagaa.

Ukisahau upande wa nje ni upi, vuta ukingo uliokatwa kwa upana: jezi inajikunja kuelekea nje.

Saa 8:00 mchana

Ugali na sato wa jana. Umeme umerudi, nimeacha sahani mezani.

Saa 8:20

Shingo ndiyo inayomtambulisha aliyeshona. Nimepima mzunguko wa shingo ya topu ya mama mtu: sentimita 52. Ukanda wa shingo unatakiwa uwe mfupi, mimi natumia asilimia 85, kwa hiyo 44, naongeza moja na kidogo ya kuungia. Ukiukata sawa na shingo unasimama na kupwaya. Ukizidi kuupunguza shingo yote inajikunyata.

Nauunga uwe duara, naukunja mara mbili kwa urefu, naugawa robo nne kwa pini. Shingo nayo robo nne, lakini robo za shingo haziangukii mabegani: mbele pana mzunguko mrefu kuliko nyuma. Natafuta katikati ya mbele na katikati ya nyuma, nazikutanisha, mikunjo ya pembeni inajionyesha yenyewe, karibu sentimita tatu mbele ya bega. Pini kwa pini. Halafu kwenye cherehani mkono unavuta ukanda tu, topu iende yenyewe. Ukivuta vyote viwili umeshona wimbi.

Mwanzo wa mshono cherehani hupenda kumeza jezi kwenye tundu la sindano. Naweka kipande cha karatasi laini chini, nashona juu yake, kisha nachana. Pasi nagandamiza na kuinua, sisugui, na shingo iliyokuwa imeanza kuchekacheka inalala.

Mikono naiunga topu ikiwa bado imefunguka ubavuni, ndipo nashuka mshono mmoja kutoka kwenye kiwiko hadi chini.

Saa 11:00 jioni

Kwa kijana wa overloki, barabarani. Ana foleni ya sketi za shule. Mashine yake ni ya nyuzi tatu, inafunga kingo vizuri lakini sitaki ibebe mshono wenyewe, ndiyo maana nimeshona zigizaga kwanza. Nimemsihi asikate kitu kwa kisu cha mashine, apitie ukingoni tu. Mia tano kila topu, na stori za timu yetu ya mpira, Pamba Jiji, bila malipo.

Saa 1:15 usiku

Mapindo yote nimeyapiga kwa sindano pacha, mistari miwili juu, zigizaga chini. Wadudu wa ziwani wamejaa kwenye taa na ukimgandamiza mmoja juu ya jezi ya rangi ya maziwa hatoki, kwa hiyo nimezima ya nje na kufunga dirisha pamoja na joto lake.

Jirani kaja na kikosi chake. Wadogo wamevaa na kukimbia nazo uani kabla sijazikagua. Wa kati, mikono imefika panapotakiwa. Mama mtu kaiinua topu juu, kaitazama, kaniambia hii ni ya mdogo wake. Ni yako, vaa. Kavaa, kainua mikono, kakaa kwenye kigoda, kainuka. Haikupanda.

"Sasa dada, na baba yao je?"

Nikamwambia baba yao anahitaji patani nyingine, ya kiume, na mita moja na nusu ya kitambaa kingine maana hiki kimekwisha, na kwamba Jumapili haipo mbali. Akasema basi baba yao atavaa shati.

Elfu sitini kwa zote tano. Katoa arobaini, ishirini Jumatatu baada ya sherehe. Nimeandika kwenye daftari, chini ya jina lake nimeandika pia kifua 98, nyonga 116, na vipimo vya mabinti pamoja na tarehe, maana watoto hawakai saizi moja.