Jumatano ya kazi: kumnoa mshambuliaji katika soka la wanawake Ujerumani

Kazi yangu ni kuwanoa washambuliaji katika klabu ya wanawake hapa Ujerumani. Nchi hii imemtoa Birgit Prinz, mabao 128 katika mechi 214 za timu ya taifa, na Alexandra Popp, mabao 67 katika mechi 145. Mabao ya namna hiyo hutengenezwa katikati ya wiki, kwenye uwanja usio na mashabiki. Leo ni Jumatano na mechi ni Jumamosi. Ndiyo siku nzito kuliko zote za wiki.

Saa 2:00 asubuhi
Kila mchezaji anajaza fomu kwenye simu kabla hajafika: amelala saa ngapi, uchovu, maumivu ya misuli, yuko siku ya ngapi ya mzunguko wa hedhi. Napitia majibu pamoja na daktari wa viungo. Mwenye misuli ya nyuma ya paja iliyokaza haachwi nje; anaondolewa kwenye mikimbio ya kasi tu, mengine anafanya na wenzake. Anayelalamika uchovu wiki mbili mfululizo anapelekwa kupimwa damu, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma huwapata wanamichezo wengi wa kike na hujificha nyuma ya maneno "nimechoka tu".

Saa 3:00
Video, dakika 15. Zikizidi hapo macho yanakuwa kwenye skrini na akili imeshaondoka. Mara nyingi narudi kwenye Euro ya wanawake ya 2022, yaani mashindano ya mataifa ya Ulaya, kwa sababu mashindano yale ya Popp ni darasa kamili. Alikuwa na miaka 31, Euro mbili zilizotangulia alizikosa kwa majeraha, na alianzia benchi. Mshambuliaji mwenzake Lea Schüller alipoambukizwa Korona, nafasi ikamfungukia, akafunga katika kila mechi kati ya tano alizocheza, jumla mabao 6. Fainali ya Wembley hakuicheza. Aliumia wakati wa kupasha misuli, na Uingereza wakashinda 2-1 katika muda wa nyongeza.

Nawaonyesha mabao mawili tu. La kwanza ni dhidi ya Austria: kipa anataka kuondosha mpira, Popp anamwendea bila kupunguza mwendo, mpira unamgonga na kuingia wavuni. La pili ni kichwa dhidi ya Ufaransa, nusu fainali, dakika ya 76, krosi ya Svenja Huth. Nawaambia wasiutazame mpira. Watazame miguu ya Popp sekunde mbili kabla krosi haijapigwa.

Saa 4:15
Kupasha misuli, dakika 20, kwa FIFA 11+, mpango wa mazoezi ya kuzuia majeraha. Wengine huuona unachosha, lakini hapa sina mjadala. Wanawake huumia ligamenti ya mbele ya goti zaidi ya wanaume, mara nyingi bila kuguswa na mtu: mchezaji anaruka, anatua kwa mguu mmoja, goti linaingia ndani. Kwa hiyo kila anayetua naangalia goti lake liko juu ya vidole vya mguu au limeangukia ndani. Likiangukia ndani, anarudia kwa mruko mfupi zaidi mpaka atue vizuri.

Saa 4:45
Sasa kazi yenyewe: krosi na umaliziaji. Masanamu mawili ya mabeki yanasimama kwenye mstari wa mita 5.5. Winga yuko pembeni, usawa wa mstari wa 18, ukingo wa eneo la penalti. Mshambuliaji anaanzia nyuma ya bega la beki, upande usiotazamwa, kwa sababu beki hawezi kuona mpira na mtu kwa wakati mmoja. Anapiga hatua mbili kuelekea mlingoti wa mbali, kisha anakata ghafla mbele ya beki kwenda mlingoti wa karibu.

Kosa kubwa ni kuondoka mapema. Anafika kabla ya mpira, anasimama, krosi inapita nyuma yake, halafu lawama zinamwendea winga. Ishara ya kuondoka ni mguso wa mwisho wa winga, ule wa kuusukuma mpira mbele kidogo ili aupige. Akisubiri mguu ugonge mpira, amechelewa.

Kwenye kichwa, mpira wa saizi 5 una gramu 410 hadi 450. Ukigonga utosi unauma na hauendi popote. Shingo ikaze, kidevu kiende kifuani, upigwe kwa paji la uso, na uelekezwe chini, maana kipa hupata shida zaidi na mpira unaodunda mbele yake. Tunaanza kwa mipira ya kurushwa kwa mkono, kisha krosi chache za kweli. Vichwa vina kikomo. Ubongo nao ni kiungo cha mchezaji.

Seti 4, kila seti mikimbio 6, mapumziko sekunde 90. Seti ya nne ikianza kuharibika, naikata. Kupiga mashuti hamsini ukiwa hoi ni kuufundisha mwili kupiga vibaya, na hilo naliona bado linafanywa katika klabu nyingi.

Saa 6:30 mchana
Vifaa vya GPS vinavyopima mwendo wa kila mchezaji vinavuliwa. Natafuta jambo moja: kila mshambuliaji amefikia walau mara moja kasi iliyo karibu na kilele chake? Anayepita wiki nzima bila kukimbia kwa nguvu zote anaweza kuchanika paja siku ya mechi, dakika za mwisho, akifukuzia pasi ndefu.

Saa 8:00 mchana
Jimu. Kati ya yote, zoezi moja silikosi: mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo, anajiachia mbele polepole huku misuli ya nyuma ya paja ikizuia anguko. Seti 2 za mara 5 zinatosha Jumatano.

Saa 10:00 jioni
Wengi wanakwenda darasani au kazini, nami naipanga ratiba ili wawahi. Popp alisomea utunzaji wa wanyama katika bustani ya wanyama. Prinz alisoma saikolojia, akaja kuifanyia kazi na timu ya taifa. Célia Šašić, mshambuliaji mwingine wa Ujerumani, alikuwa mfungaji bora wa Kombe la Dunia 2015 kwa mabao 6, akastaafu mwaka huohuo akiwa na miaka 27. Ligi kuu ya wanawake ya Ujerumani ilianza 1990, baada ya shirikisho la soka la Ujerumani kuwazuia wanawake kucheza katika klabu zake tangu 1955 hadi 1970. Mishahara imepanda, ila goti moja linaweza kumaliza kila kitu, na binti mwenye cheti mkononi hucheza kwa utulivu zaidi.

Saa 12:00 jioni
Nakata video fupi za kipa wa Jumamosi, sekunde 40 kwa kila mshambuliaji. Akibanwa huyu hupiga kwa mguu wa kulia tu. Kesho tunafanya mazoezi ya kumkaba kutokea upande huo, na winga wa kushoto anaziba pasi ya beki wa kati.