Halibati wa Fyodi: Mtafute Juu ya Mchanga, Usimnyanyue Kichwa

Fyodi, yaani ghuba ndefu nyembamba zilizobanwa na milima, za kaskazini mwa Norwei, kuanzia Bodø hadi Tromsø na kupita, zina kina cha mamia ya mita, na hapo ndipo wageni wengi hupotea. Wanashusha ndoana kilindini, ilhali wakati wa kiangazi halibati, jamaa mkubwa wa gayogayo, huwinda juu ya matuta ya mchanga, mita 15 hadi 40 tu, pale mkondo unapopanda na kusukuma samaki wadogo.

Mkondo ndio unaopanga siku. Maji yakisimama, halibati hali. Yakikimbia sana wakati wa bamvua, boti inaburura chambo mpaka kinapaa mbali na mchanga. Acha boti ielee kilomita 1 hadi 2 kwa saa. Ikizidi, tupa nanga ya mwavuli, kitambaa kinachojaa maji na kuipunguza kasi boti, upande unakotoka upepo.

Rili, gurudumu la kukunjia mshipi, ijae angalau mita 300 za mshipi wa kusukwa, milimita 0.28 hivi, ukimalizia na mita 3 za nailoni ya milimita 1 au zaidi, kwa sababu meno yake hukwaruza. Chambo kizuri ni samaki wa mpira mwenye kichwa cha risasi cha gramu 200 au 300. Kishushe kiguse mchanga, zungusha rili mara tatu, inua polepole, kiache kishuke tena ukiwa umeukaza mshipi kidogo. Hapo kinaposhuka ndipo anapouma. Ukihisi uzito umetoweka ghafla, zungusha haraka.

Halibati hudanganya. Huja juu kwa upole, akiiona boti anazama kwa kishindo. Breki ya rili iliyobanwa sana hapo ndipo inapokata mshipi. Usimnyanyue kichwa nje ya maji, atajipiga mpaka ndoana inyooke. Mpime akiwa majini: akiwa chini ya sentimita 84 au akipita kipimo cha juu kilichowekwa, sheria inataka arudishwe, na nadhani ni sheria nzuri, maana wakubwa hao ni majike ya kutaga.

Utakayemla, kata matamvua yake pande zote mbili, damu itoke baharini dakika 15, kisha barafu. Ukichelewa, nyama hubaki na mabaka.

Kaa mita 100 kutoka vizimba vya ufugaji wa samaki. Kwenye boti ya chini ya mita 8 inayotembea, jaketi okozi ni lazima kisheria. Suti nzima ya kuelea ni bora zaidi, kwa kuwa baridi ya maji yale huilegeza mikono upesi.