Kengele Iliyogota

Masika ya mwaka 1998 nilikuwa nikipeleka mikate ya boflo alfajiri, kutoka tanuri moja ya Malindi, Unguja, hadi maduka ya Kiponda na Hurumzi. Baiskeli ilikuwa Phoenix ya inchi 28, breki za fito za chuma badala ya waya, na kwenye keria sanduku la mbao la kilo 20 hivi.

Vichochoro vya Mji Mkongwe havina upande wa baiskeli na upande wa miguu. Mahali pengine, ukitoa baraza, hubaki mita moja na nusu, na hendeli pamoja na ngumi zako zimeshachukua sentimita 60. Desturi ndiyo inayogawa njia: unapiga hodi kabla ya kona, anayetembea anajibanza barazani, nawe unapita polepole. Kengele hupigwa ukiwa hatua kumi nyuma ya mtu. Ukiilizia mgongoni mwake atashtuka, na aliyeshtuka huruka popote, mara nyingi kulekule unakotaka kupita.

Siku hiyo kulikuwa na manyunyu. Nilitundika mfuko wa chenji kwenye hendeli, ukaegemea kofia ya kengele. Nilipobonyeza ikagota tu, "tk". Kofia ikiguswa na chochote, hata kidole, haivumi. Hodi nayo sikupiga, kwa kuitegemea kengele.

Nakata kona, bibi yuko hatua mbili mbele na bakuli lake la maharage. Nikabana breki ya nyuma. Breki za fito hubana ringi ya chuma kwa ndani, na ringi iliyolowa haishikiki mpaka maji yafutike; mzunguko wa kwanza kazi yake ni kufuta tu. Mzunguko mmoja wa gurudumu la inchi 28 unazidi mita mbili, nami mita mbili sikuwa nazo. Ya mbele sikuthubutu: gurudumu la mbele likiganda kwenye saruji yenye utelezi, baiskeli inakutoka. Nikaipeleka barazani. Pedeli ikagonga jiwe, sanduku likapinduka, boflo zikammwagikia bibi miguuni na bakuli likamponyoka.

"Nisamehe, bi mkubwa."

Akaitazama kengele. "Na hiyo umeifunga pambo?"

Mchana fundi wa Darajani akaisogeza kengele karibu na gumba, akatia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye meno ya ndani, kofia akaiacha kavu. Mipira ya breki ilikuwa imelika; akaisogeza hadi ikabaki nafasi ya unene wa sarafu kutoka kwenye ringi. La mvua, alisema, halikutaka spana: hatua kumi na tano kabla ya kona uguse breki kidogo kidogo, ringi ijifute, ndipo hodi. Penye watoto wa skuli ushuke ukokote, wewe upande wa watu, baiskeli upande wa ukuta, maana pedeli huchuna miundi.

Maharage nilimlipa. Boflo 11 zilizolowa tajiri alizikata kwenye ujira.