Kwa miguu hadi Ars, kwa msimamizi wa maparoko

Ars-sur-Formans, kijiji cha Ufaransa alikokuwa paroko Mtakatifu Yohane Maria Vianney, haina kituo cha treni. Kutoka Lyon nilipanda treni hadi Villefranche-sur-Saône, mwendo wa karibu nusu saa, kisha nikavuka daraja la mto Saône na kupitia Jassans-Riottier. Kutoka kituoni hadi kijijini ni kama kilomita 9, saa mbili na ushee kwa miguu. Mwenye afya atembee. Vianney naye aliingia Ars kwa miguu, Februari 1818, akitokea Écully, umbali wa kilomita 30 hivi, kwenda kuwahudumia watu wapatao 230. Nje kidogo ya kijiji kuna mnara wa kumbukumbu unaomwonyesha akiwa na mtoto mchungaji aliyemwelekeza njia.

Mahujaji wengi wakifika hukimbilia basilika, kwenye jeneza la kioo lenye mwili wake. Mimi nashauri waanze na nyumba ya paroko, kwa kuwa hapo ndipo kazi yenyewe inaeleweka. Kanuni ya 533 ya Sheria ya Kanisa inamtaka paroko akae katika nyumba ya parokia iliyo karibu na kanisa. Likizo yake isizidi mwezi mmoja kwa mwaka, na akitoka kwa zaidi ya wiki moja amjulishe askofu. Sheria hiyo ni ya 1983, ila Ars unaiona kwa macho: toka mlangoni, hatua chache tu, umo kanisani. Paroko asiyepatikana usiku hawezi kumpaka mafuta anayekata roho, na mgonjwa hangoji asubuhi.

Jikoni kuna meko na vyombo vichache. Vianney alikuwa akichemsha viazi vya siku kadhaa kwa mara moja, akawa anakula vya baridi hadi viishe. Ghorofani kuna kitanda chake, kile kilichoshika moto mwaka 1857. Ufukara huo unagusa moyo, lakini padre kijana asiuige bila kiongozi wa roho. Alijichosha mno. Mwaka 1843 alijaribu kuondoka ili akaishi upwekeni, waamini wakamrudisha. Mwaka 1853 akajaribu tena, akazuiwa. Padre msaidizi alimpata mwaka 1845 tu, wakati tayari watu walikuwa wakimiminika kutoka kila upande kuungama kwake. Parokia yenye foleni kubwa na padre mmoja inamla padre huyo, hata akiwa mtakatifu.

Kisha ingia kanisa la zamani, lenye mnara wa matofali alioujenga yeye. Hapa usiwe na haraka. Katika kikanisa cha Mtakatifu Yohane Mbatizaji kuna kiungamio alichowasikilizia wanawake. Wanaume aliwaungamisha katika sakristia, chumba cha mavazi ya ibada. Kiungamio chenyewe ni mbao tupu: kiti chembamba katikati, wavu kila upande, na mahali pa kupigia magoti. Miaka ya mwisho aliketi humo hadi saa 16 kwa siku, akianza usiku wa manane, akatoka kuadhimisha Misa, na saa tano asubuhi akafundisha katekisimu. Mwanzoni alikuwa mkali, akichelewesha maondoleo ya dhambi. Kadiri alivyosikiliza watu ndivyo alivyozidi kuwa mpole.

Nilipokuwa mbele ya wavu ule niliwaza jinsi kitubio kinavyopangwa kwenye parokia nyingi. Kanuni ya 986 inataka siku na saa zinazowafaa waamini. Kosa la kawaida ni kukiweka nusu saa kabla ya Misa ya Jumapili, wakati huohuo padre anatafutwa na wasomaji, kwaya na mwenye matangazo. Foleni inakatwa, na aliyekuwa nyuma, ambaye pengine amekaa miaka bila kuungama, anarudi nyumbani. Afadhali Jumamosi alasiri, saa nzima, padre akae kitini hata kama hakuna mtu. Kosa la pili ni foleni kubanana na kiungamio hadi maneno yasikike. Iwekwe mbali, kwani aliyesikia kwa bahati mbaya naye anafungwa kutunza siri. Na muungamishi asiulize mengi: kanuni ya 979 inamtaka awe na busara, wala asidai jina la aliyeshiriki dhambi.

Basilika yenyewe, iliyosanifiwa na Pierre Bossan na kuanza kujengwa 1862, imeunganishwa na kanisa hilo dogo. Mwili umelazwa humo, uso umefunikwa kwa nta. Moyo umehifadhiwa katika kikanisa cha pekee, pamoja na sanamu ya marumaru ya Vianney akiwa amepiga magoti, kazi ya Émilien Cabuchet. Alitangazwa mtakatifu 1925, na mwaka 1929 Papa Pio XI akamfanya msimamizi wa maparoko.

Padre anayetaka kuadhimisha Misa hapa abebe barua ya utambulisho ya jimbo au shirika lake, yenye tarehe ya karibuni, aionyeshe sakristia mapema. Akija mikono mitupu anaweza kukataliwa, na ni haki. Tarehe 4 Agosti, siku aliyofariki mwaka 1859 akiwa bado paroko wa hapa, umati ni mkubwa. Anayetaka kuketi kimya kwenye kikanisa cha Yohane Mbatizaji achague siku ya kazi, aache Lyon kwa treni ya alfajiri, na aulize ratiba ya kurudi kabla hajaondoka Villefranche.