Siku yangu ya maonyesho: pamba safi, pamba fifi

Saa 12:20 asubuhi. Daladala, Buhongwa, Mwanza. Nimepakata bango lililokunjwa kama bomba la maji na konda anauliza, "Dada, na huyu mwenzako analipa?" Abiria wanacheka. Nalipa ya mtu mmoja.

Saa 1:45. Nafungua chumba cha nyaraka hapa chuoni. Kabla ya chai namwaga ndoo ya mashine ya kuvuta unyevu. Ziwa liko jirani, na karatasi hunywa hewa kama sifongo. Unyevu ukizidi, ukungu unaota na pini za zamani zinaacha kutu kwenye barua. Ndiyo maana kule nje tunabandika nakala. Nyaraka halisi leo ni moja tu, daftari la chama cha msingi cha wakulima wa pamba, nayo inakaa kivulini.

Saa 3. Tunalikunjua bango: "KARIBU MAONYESHO YA NYAKARA". Mchapaji hapokei simu. Fundi wetu amekata herufi za karatasi na kuzibandika kwa gundi, na ukisimama mbali huoni kitu.

Saa 4. Kidato cha tatu wamefika, mwalimu wao akiuliza kipi kitatoka kwenye mtihani. Namweleza kwamba wakulima wa Usukuma walichoshwa na mizani ya wafanyabiashara iliyowapunja, wakaanza kuweka wapimaji wao. Paul Bomani akawa mstari wa mbele kuwaunganisha, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Wanaandika kwa penseli, maana kalamu ya wino haikaribii meza yangu.

Kilichowashika ni daftari. Jina, kilo za pamba safi, kilo za fifi, yaani pamba ya daraja la chini, na mwisho wa mstari alama ya dole gumba kwa wino wa zambarau. Binti mmoja ameweka dole lake juu ya nakala. Linamezwa lote. "Huyu alikuwa na mikono!" akasema. Wanaulizia glovu pia, kwa sababu ya sinema. Glovu ni za picha na negativu. Karatasi tunaishika kwa mikono iliyonawiwa na kukauka, kwani ukivaa glovu vidole havihisi na ukurasa unachanika.

Saa 6:30. Umeme umekatika, projekta imelala. Sikusikitika. Slaidi zangu zilikuwa ndefu.

Wakati huo mzee mmoja mwenye fimbo amesimama mbele ya picha namba 14. Namsalimu, "Shikamoo babu." "Marahaba. Nani kaandika hapa?" Maelezo yanasema: Wanawake wakivuna pamba. Niliyaandika mimi, ila sikukiri mara moja.

"Pamba inavunwa umekaa?"

Naangalia tena. Kweli wamekaa, miguu imenyooshwa juu ya jamvi. Babu anaonyesha kwa ncha ya fimbo: fungu kubwa jeupe kulia, na kushoto kidogo kidogo chenye madoa. Wanachambua, safi huku, fifi kule. Yule aliyeinamisha kichwa anatoa kipande cha jani kikavu, kwa sababu kule kituo cha kununulia pamba fungu zima lingeweza kushushwa daraja kwa takataka kama hiyo. Nimeitazama picha hii miaka miwili na mafungu mawili sikuyaona.

Saa 8:15. Sato, ugali, kachumbari. Dakika kumi.

Saa 10. Wageni wamekwisha. Kwenye orodha sifuti maelezo ya zamani. Naandika mapya chini yake pamoja na tarehe na aliyetueleza, ili atakayekuja ajue kosa lilikuwa la nani na nani alilisahihisha. Babu ameniruhusu niweke jina lake, baada ya kukagua kama nimelipatia herufi zote.

Majina ya wanawake hayajui. Amesema Jumatatu atamleta dada yake, aliyekaa sana kwenye majamvi hayo. Nimemwombea ofisini kiti chenye mgongo.