Kwa nini mkono unaikimbilia simu

Miezi miwili nyuma nilishtuka saa nane usiku nikajikuta nimeshika simu, sijapigiwa na mtu, meseji hakuna, macho yanauma. Mama mdogo anasemaga ni tamaa tu. Mi siamini, nadhani tunalaumiana bure kwa kitu ambacho ubongo ulishajifunza zamani.

Kuna mwanasayansi anaitwa Wolfram Schultz, alifanya kazi Uswisi, alipima seli za dopamini (kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupeana ujumbe) kwenye ubongo wa tumbili huku akiwapa juisi. Mwanzoni seli zilichangamka juisi ikifika mdomoni, sawa, lakini tumbili walipozoea kwamba alama fulani ikionekana juisi inakuja basi seli zikahamia kwenye ile alama, juisi yenyewe ikija wala hazishtuki, na ikikosekana zinanyamaza. Yaani dopamini sio raha tu kama tunavyoambiwaga, ni hesabu ya ulitegemea nini na umepata nini. Mwaka 2003 yeye na wenzake wakaonyesha kitu kilichonigusa zaidi: pale nafasi ya kupata ni nusu kwa nusu, ndo seli zilichangamka zaidi wakati wa kusubiri.

Sasa fikiria simu. Mlio ndo alama, leo meseji ya maana imekuja, kesho haiji, na kule kutojua ndo kunakokushika!

Siku hizi ikifika saa tatu nazima notifikesheni zote, simu inalala sebuleni, nimenunua saa ya kuniamsha. Wiki ya kwanza mkono ulikuwa bado unapapasa chini ya mto. Wiki ya tatu hivi ukaacha.